Sahihi ya Mama Joy

Cheptiret,
8 Februari 2026

Linah mdogo wangu,

Huku tunaendelea. Mvua bado haijashuka, na vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye nyuzi za mashine. Kila sweta ninayomaliza kufuma naikung'uta mara tatu kabla sijaikunja. Shule moja imeagiza sweta za kijani za darasa zima, kwa hivyo kazi ipo, nashukuru Mungu.

Joy ametimiza miaka kumi na moja juzi. Nilimpikia kuku na chapati, akala mapaja yote mawili, kisha akaniambia chapati za mama yake ni laini kuliko zangu. Sikukasirika, ni kweli. Amerefuka mpaka sketi ya shule nimeiongezea kitambaa chini. Bado anauliza lini atakuja kukuona, na bado namjibu vile uliniambia, kwamba mama yako hataki umwone na sare za huko.

Kuna jambo lingine, dogo tu. Ameleta fomu kutoka shuleni, eti manesi watakuja mwezi ujao kudunga wasichana sindano ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wanataka wale wa kuanzia miaka kumi. Nimeirudisha bila kutia sahihi. Kanisani tumeonywa kwamba sindano hiyo inafunga kizazi, na tena inawafundisha watoto kuwaza mambo ya watu wazima. Nakuambia tu ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Ujitunze huko, na usijibizane na maafande.

Dada yako,
Hellen

—

Eldoret, gerezani
17 Februari 2026

Dada Hellen,

Jambo dogo! Simu ya hapa ni dakika tano, na nyuma yako kuna foleni ya wanawake ishirini. Siwezi kugombana na wewe kwa dakika tano. Kwa hivyo nimeketi niandike, na afande anayekagua barua naye asome vizuri, maana ana mabinti wawili.

Umeirudisha ile fomu kwa ruhusa ya nani? Nilikuachia Joy umlishe, umvishe, umkanye akikosa. Sikukuachia mwili wake uukalie kikao na pasta.

Manesi walikuja hapa mwezi wa kwanza. Tulikaa ukumbini zaidi ya mia, wengine wakichekacheka. Nesi mmoja mnene, mwenye sauti kama ya mwanamume, akauliza nani kati yetu amewahi kuzika mwanamke aliyetokwa na damu mpaka akaisha. Mikono ikainuka. Kicheko kikakatika. Akatueleza kwamba saratani hiyo inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Watu huambukizana wakilala pamoja, na karibu kila mtu hukutana nacho, hata yule aliyeolewa kanisani akabaki na mume mmoja. Wengi miili yao inakifukuza. Kwa wengine kinabaki, kinakaa kimya miaka kumi, kumi na tano, halafu kinaanza kula. Ndiyo maana msichana anadungwa akiwa bado mtoto. Kufuli hufungwa kabla mwizi hajaja. Akishaingia ndani, unamfungia nani? Na siku hizi ni sindano moja tu, bila malipo.

Nilisimama mbele ya wote nikamuuliza juu ya kufunga kizazi, kwa sababu najua hayo ndiyo mnayoambiwa. Akasema mamilioni ya wasichana wamedungwa duniani, wamekua, wamezaa. Na hayo ya kuwaza mambo ya watu wazima usiniambie mimi. Aliyedungwa sindano ya pepopunda uliona ameenda kutafuta msumari akanyage?

Mimi niko sawa. Hapa wanatupima kila kitu, usiwe na wasiwasi juu yangu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kibali nilichoandika kwa mkono wangu. Kina sahihi na kidole gumba, na Mwihaki, tunayelala naye chumba kimoja, ni shahidi. Kipeleke shuleni. Sikuombi ukubaliane nami, nakuomba ukipeleke.

Unajua kilichonileta hapa. Mwanamume alinishika sokoni mahali ambapo hakupaswa kunishika, nikamjibu kwa kikaango cha chapati, taya ikavunjika. Hakimu aliponiuliza kama najuta, nilisema hapana. Mtu ambaye hakumwogopa hakimu atamwogopa pasta wenu?

Ndani au nje, mimi bado ni Mama Joy,
Linah

—

Cheptiret,
28 Februari 2026

Linah,

Hata salamu hukuona haja ya kuandika.

Kibali chako kimefika. Kiko kwenye droo ya mashine na hakitatoka humo. Unaandika "mwili wake" kama mtu anayeuosha. Alipopandwa na malaria mwezi wa kumi na moja, nani alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya na mvua ikinyesha? Nani anamsuka? Alipoanza kuona damu mwezi uliopita akadhani anakufa, nani aliketi naye chooni akamweleza? Ndiyo, ameanza. Sikukuandikia kwa sababu hayo si mambo ya kusomwa na afande.

Kwako kila kitu ni vita. Ungenyamaza siku ile sokoni, leo ungekuwa hapa na ungetia hiyo sahihi mwenyewe. Ulichagua kikaango. Mimi nimechagua mtoto.

Kuna mambo ya sindano ambayo hakuna nesi atakuambia. Mimi nayajua, na usiniulize nimeyajulia wapi. Ukiniandikia tena, niandikie mambo mengine.

Hellen

—

Eldoret, gerezani
5 Machi 2026

Kwa Madam Jerop, mwalimu wa darasa la sita,

Madam, mimi ni mama yake Joy, yule mrefu anayeketi karibu na dirisha. Aliniandikia kwamba wewe humpa mtu kitabu cha hadithi akimaliza hesabu mapema. Asante kwa hilo.

Nafikiri unajua niliko. Sioni haya, kwa hivyo na wewe usinionee haya. Nakuandikia kwa sababu manesi wanakuja shuleni na dada yangu amekataa Joy adungwe. Nilimpa kibali akakifungia. Sasa naandika kingine hapa chini, kwako wewe mwenyewe:

Mimi Linah Nelima, mama mzazi wa Joy, nakubali mtoto wangu apewe chanjo ya HPV.

Mahakama ilinipa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Niliisikiliza hukumu yote mpaka mwisho, na hakuna mahali iliposema mimi si mama tena. Kama kuna sheria kama hiyo, naomba unionyeshe. Kama haipo, naomba Joy asimame kwenye foleni na wenzake.

Wako kwa heshima,
Linah Nelima

—

Cheptiret,
13 Machi 2026

Mama Joy,

Barua yako niliipata jana. Manesi walikuja tarehe kumi, kwa hivyo ilichelewa kwa siku mbili. Pole sana. Wasichana thelathini na sita walidungwa. Mmoja alizirai kabla hata hajaguswa, akapewa maji, akacheka, akarudi kwenye foleni. Joy alibaki darasani na msichana mwingine mmoja. Niliwapa vitabu lakini hawakufungua.

Nikuambie ukweli. Hata kama barua yako ingefika mapema, ningelazimika kumwita dada yako kwanza, maana yeye ndiye tuliyemwandikisha kama mlezi na fomu alishairudisha. Sitaki kukupa moyo wa uongo. Lakini nafasi haijapotea. Kituo cha afya cha hapa kinatoa chanjo hiyo siku za kazi. Joy aende na mtu mzima anayemlea, basi. Na kwa umri wake hajachelewa hata kidogo.

Nimefikiria kama nikuambie jambo lingine au ninyamaze. Siku hiyo dada yako alikuja akasimama getini tangu manesi waliposhusha masanduku yao mpaka walipoondoka. Nilidhani amekuja kugombana. Nikampelekea kiti, akakataa. Alikuwa analia bila sauti, machozi tu. Nilipomuuliza, alisema ni vumbi limemwingia machoni.

Mama Joy, siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Wako,
Madam Jerop

—

Eldoret, gerezani
20 Machi 2026

Dada,

Ulisema nisikuulize, nami nimejaribu. Wiki nzima nimetwanga mahindi ya hapa kwa hasira mpaka Mwihaki akaninyang'anya mchi.

Madam Jerop ameniandikia. Usimkasirikie, nilimwandikia mimi kwanza. Naam, nilipita nyuma yako, na nitapita tena nikihitaji. Lakini amenieleza ulivyosimama getini, na tangu nisome hivyo hasira yangu haijui pa kwenda.

Wewe hukulia Baba alipokufa. Hukulia Collins alipokuacha, ulifua mapazia ya nyumba nzima siku hiyo. Sasa unalia getini mwa shule kwa sababu ya watoto wa watu kudungwa mikono?

Kama ni pasta amekutisha, niambie nimwandikie yeye. Kama ni kitu kingine, niambie.

Linah

—

Cheptiret,
2 Aprili 2026

Linah,

Haya, umeuliza. Basi soma ukiwa umeketi.

Unakumbuka walipokuja na sindano ya pepopunda kule nyumbani, kwenye uwanja wa shule? Waliita wanawake wote walio katika umri wa kuzaa. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilivaa makusudi lile gauni la bluu la mikono mifupi nisiwasumbue manesi. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka ulikuwa umeshatoroka, unapiga kelele kule barabarani kwamba hakuna mtu atakayekudunga. Nilikucheka mpaka nesi akacheka.

Baadaye yakaanza maneno ya redioni, na ya kanisani, kwamba ile sindano ilitiwa dawa ya kufunga wanawake kizazi. Nikaanza kuhesabu miezi. Linah, tangu siku ile sijashika mimba. Hata moja. Collins alingoja miaka mitatu. Hakunipiga wala kunitukana. Aliketi kitandani akavaa viatu akasema, "Hellen, mimi nataka watoto," basi.

Na wewe uliyetoroka, mwaka haukuisha ukamzaa Joy. Alikuwa na saa moja duniani nilipompokea mikononi. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyeponyoka.

Hakuna aliyeniburuta kwenye ile foleni. Niliunyoosha mkono wangu mwenyewe nikicheka. Na hao wasichana wa shule niliowaona kutoka getini walikuwa wanacheka vilevile, wanasukumana, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza.

Sasa unataka niushike mkono wa Joy niunyooshe. Mimi.

Ushajua. Kanisani nimeshuhudia mara nyingi habari ya sindano ile, lakini hili la kunyoosha mkono nikicheka hakuna anayelijua. Usimwambie mtu.

Hellen

—

Eldoret, gerezani
14 Aprili 2026

Dada yangu Hellen,

Afande aliyenikabidhi barua yako hakunitazama machoni. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilitaka kucheka kwa uchungu, mara ya nne nikataka ardhi inimeze. Maana nimekuficha mambo mawili, na la kwanza nimelificha miaka kumi na miwili.

Uliniona nikitoroka. Hukuniona nikirudi.

Nilijificha nyuma ya kinu cha kusaga. Nesi mmoja alikuwa anapita akienda kununua soda, akanikuta nimechuchumaa, akaniuliza, "Wewe si ndiye yule mwenye mdomo mkubwa?" Nikaona haya. Saa kumi, foleni ilipokwisha, nilirudi uwanjani nikadungwa mkono wa kushoto. Walipokuja mara ya pili, niliwahi asubuhi kabla hujafika. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimejigamba mbele ya kijiji kizima. Uwanja ule ule, manesi wale wale, sanduku lile lile la barafu. Na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nikamzaa Joy.

Joy hakuponyoka chochote, dada. Hapakuwa na kitu cha kuponyoka.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningekuambia lini? Tumbo langu lilipoanza kuonekana na lako limelala? Yalipoanza yale maneno ya redioni, nilifungua mdomo nikaufunga tena. Mimi, ambaye sijawahi kunyamazia mtu. Nilidhani nakuhurumia, kumbe ninakuacha peke yako na uongo. Hakimu hakuniuliza juu ya hilo. Angeniuliza, ningesema ndiyo, najuta.

Na kuna jambo unalolijua ila hulihesabu. Mimba yako ya kwanza ilitoka tukivuna mahindi. Ya pili ilitoka wiki ya Krismasi. Zote mbili kabla ya sindano, na mimi ndiye niliyekuogesha. Wewe umeanza hesabu kwenye ile foleni. Rudi nyuma, uanzie mwanzo. Sijui ni nini kilichokuzuia kuzaa, hakuna anayejua, kwa sababu hujawahi kumwendea daktari. Ulikuwa umeshapata wa kulaumu, na hakuwepo ajitetee.

La pili ni hili. Nilikuandikia kwamba niko sawa. Manesi walipokuja hawakutufundisha tu, walitupima. Wanapaka siki, siki kabisa, halafu wanatazama kama kuna mahali panageuka peupe. Pangu paligeuka. Hawakusema ni saratani. Walisema ni njia inayoelekea huko, na wameikatiza mapema. Walinichoma na kifaa cha moto siku hiyo hiyo. Ilichukua dakika chache, ikaniuma kama hedhi mbaya, na baada ya mwaka nirudi nipimwe tena. Nililala juu ya ile meza nikitazama dari, na sikumfikiria yule mwanamume wa sokoni wala siku za kifungo. Nilifikiria kwamba hii kitu inaweza kumpita Joy, na kinachohitajika ni asubuhi moja tu.

Usidhani nimelegea. Natoka mwezi wa tisa. Nikikuta bado, nitatoka gerezani niende moja kwa moja kituo cha afya na Joy mkononi, hata nguo sitabadilisha. Lakini sitaki iwe hivyo. Nataka uwe wewe, kwa macho yako, ukijua ukweli wote.

Nisamehe kwa kunyamaza. Kwa mengine yote sitaomba msamaha.

Linah

—

Cheptiret,
27 Mei 2026

Mama mpendwa,

Habari za huko? Mimi niko poa. Barua yako ya mwisho kwa Anti ilikaa kwenye sanduku la posta la shule mpaka tulipofungua shule, Madam Jerop akanipa niibebe. Sikuifungua, naapa.

Anti aliisoma akiwa kwenye mashine. Halafu hakufuma chochote siku mbili. Mwenye oda ya sweta alikuja akapiga mlango, Anti akamwambia aende. Mimi ndiye nilipika. Ugali ulikuwa laini sana lakini akala. Siku ya tatu akaniuliza, "Joy, mamako alikuzaa mwezi gani?" Nikamwambia si unajua, Februari. Akahesabu kwa vidole, halafu akaanza tena kuhesabu, halafu akaenda nje akakaa kwenye jiwe la kufulia.

Ikapita wiki mbili hivi. Alhamisi moja akaniambia nisivae sare, tunaenda kituo cha afya. Njiani akaniuliza kama mimi mwenyewe nataka. Mama, hakuna mtu alikuwa ameniuliza! Nikasema ndiyo, kwa sababu darasani tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na Emmaculate wa pasta. Nesi akauliza nani anatia sahihi. Anti akatoa karatasi yako akaiweka mezani, halafu akatia na yake. Nilipodungwa Anti alifunga macho, mimi sikufunga. Iliuma kama kuumwa na siafu. Nilimwambia mkono unauma sana siwezi kuosha vyombo, nikakaa siku mbili bila kuosha, lakini ukweli haukuuma hivyo. Usimwambie.

Sasa nikuambie ya kanisani. Jumapili iliyopita mke wa pasta alisema kuna akina mama wamedanganywa wakapeleka mabinti wao kudungwa, waje mbele waombewe. Anti akasimama akaenda. Watu wakaanza kuimba wakidhani ametubu. Anti akachukua maikrofoni akasema, "Sikuja kuombewa." Wimbo ukaisha hapo hapo.

Akasema, "Mnakumbuka ushuhuda wangu wa sindano ya pepopunda. Nimeutoa hapa miaka mingi na wengi wenu mlikataza watoto wenu chanjo kwa sababu yangu. Nilikosea." Akasema alipoteza mimba mbili kabla ya ile sindano na hakuwahi kuwaambia. Akasema wewe ulidungwa siku ile ile ukazaa, akanionyesha mimi kwa kidole, kanisa lote likageuka kunitazama! Mtu akazima maikrofoni. Anti akaendelea bila maikrofoni, na unajua sauti yake. Akasema kituo kinafunguliwa saa mbili asubuhi, ni bure, na asiyejua njia amfuate yeye. Halafu akachukua mkoba wake na mkono wangu tukatoka katikati ya kanisa, si kwa mlango wa kando.

Nje akafungua mkoba wake. Akaninunulia mandazi mawili.

Nataka kuja kukuona. Sijali sare za huko.

Mtoto wako,
Joy

—

Cheptiret,
9 Juni 2026

Linah,

Joy ameshakueleza, najua, alikuwa ameficha karatasi chini ya mto. Ya vyombo pia nayajua.

Nianze na yaliyo moyoni. Bado nimekukasirikia. Miaka kumi na miwili, Linah! Nimepita mbele ya zahanati nikivuka barabara ili nisiione. Nimekaa mbele ya wanawake wenye watoto mgongoni nikawaambia wasiwapeleke. Wengine walinisikiliza. Sijui ni wangapi, na sijui ni nini kimewapata hao watoto. Hilo si lako peke yako, ni langu zaidi, lakini kipande chako ukibebe.

Wameniondoa kwenye uongozi wa akina mama wa kanisa. Walituma watu wawili kuja kuchukua kitambaa cha sare. Nilikuwa nimeshakifua na kukipiga pasi, nikawapa kwenye mfuko safi. Mmoja wao alipofika kwenye mti wa getini alirudi peke yake akaniuliza kama msichana wa miaka kumi na tatu bado anaruhusiwa. Nikamwambia anaruhusiwa. Alhamisi ile nilikwenda na wasichana wanne. Iliyofuata walikuwa saba. Nesi sasa ananiita mwenyekiti.

Pasta mwenyewe alikuja. Akasema ananiombea. Nikamwambia asante, na akimaliza kuomba, Alhamisi tunatoka saa moja na nusu. Akaaga akaenda.

Na mimi nimepimwa, ile ya siki uliyosema. Nilikaa nje kwenye benchi nikaondoka, nikafika barabarani nikarudi. Tuna damu moja kweli. Hakuna mahali palipogeuka. Daktari ameniandikia karatasi niende hospitali kubwa huko Eldoret wanitazame kizazi, waniambie kilichotokea. Nina miaka thelathini na minane. Pengine nimechelewa, pengine hakuna la kufanywa, lakini nataka kuambiwa na mtu aliyetazama. Nitakuja nayo siku hiyo hiyo kukutembelea. Nitamleta Joy. Usinikataze, sitakusikiliza.

Sasa sikia la jana. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Nikasikia hodi mlango wa nyuma, nikaenda, nikamkuta mke wa pasta, yule Mama Emmaculate, amejifunika leso mpaka kwenye paji la uso kama mtu anayekwenda kwa mganga. Akasema amekuja kuniomba sukuma wiki. Ana shamba la sukuma wiki, Linah, kubwa kuliko langu mara tatu. Nikamkatia. Akazishika, hakuondoka. Akatazama chini kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Inauma sana?"

Ningeweza kumkumbusha ile maikrofoni niliyozimiwa. Nilikuwa na maneno yote tayari, wewe ungeyasema. Lakini nilimtazama mikono, alivyokuwa anazipindapinda zile mboga, nikajiona mimi getini. Nikamwambia, "Mtoto wangu alisema ni kama kuumwa na siafu. Mlete Emmaculate. Kama hutaki kuonekana, nitaenda naye mimi."

Amesema atakuja naye mwenyewe.

Naam, nilisema "mtoto wangu." Nimeandika hivyo nikijua utasoma. Ukitaka tugombane juu ya hilo, toka huko kwanza, tuje tugombane nyumbani.

Dada yako,
Hellen